Siku moja ya dimbila, ngoma na watoto 14: Mikindani

Saa 12:30 asubuhi. Mwezi wa saba huku kusini mwa Tanzania jua huchomoza karibu na saa hii, na kazi ya kwanza ya siku ya onyesho la mchezo wa watoto ni kukata mgomba. Dimbila, marimba ya mbao ya Wamakonde, haipigiliwi misumari wala haiwekwi mezani. Vibao vyake hulazwa juu ya mashina mawili ya mgomba, na mashina yawe ya siku hiyohiyo. La juzi limeshalainika, kibao kinazama, na ukikipiga ni kama umepiga godoro. Kwa vibao sita, shina la mita moja na robo linatosha.

Wengi hukosea pa kuegemeza. Kibao kikipigwa hutikisika katikati na nchani, na kina sehemu mbili tu zilizotulia: chini kidogo ya robo ya urefu kutoka kila ncha. Cha sentimita 60 kiegemee sentimita 13 hivi kutoka nchani, cha sentimita 45 kiegemee 10. Ndiyo maana mashina hayalali sambamba: yanaachana upande wa vibao virefu na kukaribiana upande wa vifupi. Kati ya kibao na kibao chomeka vijiti viwili vya mwanzi, kimoja kila shina, vibao visisukumane. Sauti ikiwa juu mno, chonga upande wa chini, katikati. Ikiwa chini mno, punguza ncha. Lakini usichonge saa hizi. Mbao imekunywa umande, na ukiirekebisha sasa, saa sita itakuwa imeshakusaliti.

Saa 2. Watoto wanafika, wa miaka minane hadi kumi na miwili. Uji, kisha kuhesabu. Likizo ya katikati ya mwaka ndiyo pia miezi ya jando na unyago, kwa hiyo kila nafasi ina watoto wawili wanaoijua. Mtoto akishaingia jandoni hatolewi kwa ajili ya Sungura wako.

Mchezo wenyewe ni hadithi ya kisima. Kiangazi kimekauka, wanyama wanachimba, Sungura anagoma, kisha usiku anakuja kuiba maji. Fisi analinda, anadanganywa kwa asali. Mwisho Kobe anapakwa ulimbo mgongoni na kujilaza majini kama jiwe, Sungura anamkanyaga, ananasa. Kwa watu wenye ndugu Newala, juu kule kwenye uwanda ambako maji hufuatwa mabondeni, hadithi hii haihitaji ufafanuzi.

Saa 2:30. Nyimbo. Kosa kubwa hapa huwa la watu wazima: mwalimu mwanaume anaanzisha wimbo kwa sauti yake, watoto wanaufuata chini huko, wananguruma, na maneno hayasikiki hata mita tano. Mwimbishaji awe mtoto mwenyewe, wa miaka kumi hivi, na achukue sauti yake kwenye kibao cha tatu cha dimbila. Dimbila haipandi wala haishuki kumfuata mwimbaji, yeye ndiye aifuate.

Kisha zoezi la kusikika. Mtoto mmoja anasimama hatua kumi na tano kutoka kwa wenzake, anasema maneno yake. Anayesikiliza akishindwa kuyarudia, msemaji hapazi sauti; anapunguza mwendo na kufungua mdomo. Mtoto anayepiga kelele hukaukiwa na sauti kabla ya saa nane.

Saa 4. Vinyago vya kuvaa usoni. Vilishatengenezwa wiki iliyopita: unga wa ngano kikombe kimoja, maji vikombe vitano, kijiko cha chumvi kuzuia ukungu, pika mpaka uteleze. Vipande vya gazeti, tabaka tano, jua kamili kila baada ya tabaka mbili. Leo ni kukagua tu mikanda, iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli kwa upana wa sentimita moja. Lastiki ya dukani huchoka kwa jasho.

Kinyago kiishie juu ya mdomo. Kikifunika mdomo, mtoto anasemea ndani ya chungu. Matundu ya macho nayo yapanuliwe upande wa masikioni, maana mtoto haanguki kwa kukosa kuona mbele, huanguka kwa kukosa kumwona mwenzake ubavuni.

Sura za mapiko, vinyago vya ngoma za jando za Wamakonde, hatuzitumii. Lipiko ni la jando, lina wenyewe na miiko yake, na kumvalisha mtoto wa miaka tisa ili watu wacheke ni kuwatafuta wazee ugomvi.

Vazi la Fisi ni gunia la korosho. Linawasha. Lifuliwe mara mbili na kushonewa khanga kuukuu kwa ndani, la sivyo Fisi atajikuna mchezo mzima (watazamaji watacheka, lakini si pale ulipopanga wacheke).

Saa 6. Ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha na samaki. Karanga baadaye, chengachenga zake hukaa kooni.

Saa 7:30. Guta la magurudumu matatu linabeba: ngoma kubwa moja, ya kati moja, vinganga (ngoma ndogo) viwili, vibao vya dimbila, mashina, kayamba mbili, mikeka kumi, ndoo ya maji ya lita 20 yenye bomba. Ngoma zilale ubavu, ngozi isikae chini ya kitu chochote.

Saa 8:30. Kuchagua upande. Mtendaji wa mtaa alishapewa barua, uwanja ni wetu, ila uwanja una pande nne na mzuri ni mmoja. Miezi hii upepo ni wa kusi, unavuma kutoka kusini mashariki. Waigizaji wakae upande huo, chini ya mwembe, watazamaji wawe kaskazini magharibi yao. Upepo unawapelekea watu maneno, jua la alasiri linakuwa mgongoni mwao na linaangaza nyuso za watoto. Ukigeuza, upepo unaondoka na sauti.

Mkeka wa kwanza uwe mita mbili kutoka uwanja wa kuchezea, wa mwisho usizidi mita kumi. Watu wakizidi, wazungushe nusu duara badala ya kuongeza safu nyuma. Kipaza sauti hatuna, na tukipewa tunakataa: kimoja kwa watoto 14 kinagombaniwa, kinavuma kikisogea mbele ya spika, na umeme ukikatika watoto wanashindwa kuendelea kwa sauti ambayo hawakuizoesha.

Wapiga ngoma wakae pembeni, mahali wanapoona miguu ya waigizaji. Vinganga vina mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini. Mchanga ukiwa mlaini, mwagia maji kikombe na ushindilie, la sivyo vitalala katikati ya pigo.

Saa 9:15. Moto. Hewa ya bahari hulegeza ngozi: ibonyeze kwa kidole gumba, ikibonyea kirahisi bado haijafaa. Tunawasha makuti makavu kwa mwali wa haraka, kisha vifuu kwa joto la kudumu. Ngoma isimame nusu mita hadi mita moja kutoka motoni, ngozi ikitazama joto, ikizungushwa kila dakika moja na kugongwa kwa ncha za vidole. Mlio ukitoka "du" ukawa "to", iondoe. Ukingoja zaidi ngozi inapasuka ukingoni, kwenye vigingi, na hapo hakuna la kufanya siku hiyo. Anza na ngoma kubwa, ngozi yake ni nene. Vinganga viwe vya mwisho, vinashika haraka na kuachia haraka. Pwani mkazo hudumu nusu saa hivi, kwa hiyo moto hauzimwi. Mtu mzima mmoja kazi yake ni huo tu, na kuwafukuza watoto wanaousogelea.

Adhana ya alasiri inaingia tukiwa tumenyamaza. Watu waswali kwanza.

Saa 10:15. "Paukwa!" "Pakawa!" Vinyago vinavaliwa mbele ya watu, si nyuma ya mti. Kachanga kanakomwona mtoto wa jirani akijifunika uso wa fisi hakalii sana. Kanakoshtukizwa kanatibua safu nzima.

Mchezo ni dakika 40. Sheria ya muziki ni moja: mtoto akifungua mdomo, ngoma inafunga. Dimbila peke yake inabaki chini ya maneno, fimbo zake zimefungwa vipande vya tyubu. Sungura ana mdundo wake kwenye kinganga, Fisi ana wake kwenye ngoma kubwa, na mtoto akisahau maneno mpigaji anarudia mdundo huo mpaka yamrudie. Mara nyingi ni mizunguko miwili. Ikifika minne, Kobe anaingia mapema, na hakuna atakayejua.

Penye kunasa ulimbo, watazamaji huinuka. Ndiyo maana mkeka wa kwanza uko mita mbili.

Saa 11:15. Tunafunga, jua litazama karibu saa 12 na watoto wa mbali waondoke kungali na mwanga. Vinyago vinatundikwa kwenye kamba katikati ya chumba, mbali na ukuta, kwa sababu ya panya na ule unga wa ngano. Mashina ya mgomba wanapewa mbuzi.