Udongo hunywa kwanza: siku yangu moja kando ya kijito

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya kunawa uso natega sikio. Imekatika. Mvua ilianza saa sita usiku ikanyesha bila haraka, na mimi kazi yangu ni kupima maji ya bonde moja dogo, kilomita za mraba 6 tu.

Saa 3:00 kamili. Saa hii haisogezwi. Kipima mvua husomwa wakati uleule kila siku, na kinachokutwa ndani huandikwa kwenye tarehe ya jana. (Wageni wa kazi hukosea hapo. Nami nilikosea.) Namimina kwenye bilauri ya vipimo: milimita 22. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo bonde zima limepokea lita milioni 132 kwa usiku mmoja.

Saa 4:15. Ubao wa vipimo uliosimikwa kijitoni unaonyesha maji yamepanda sentimita 4. Basi! Siku kavu zilizopita ziliukausha udongo, nao hunywa kwanza. Sehemu nyingine imenaswa na majani na itavukia hukohuko. Maji yanayopita mbele yangu kwa kiasi kikubwa si ya jana. Ni mvua za zamani zilizozama ardhini, zikasafiri polepole kati ya mchanga na nyufa za miamba, sasa zinachuruzika kwenye chemchemi na kingo. Ndiyo sababu kijito hakikauki hata wiki tatu zikipita bila tone. Nikiulizwa mto unalishwa na nini, mimi hutaja udongo kabla ya mawingu.

Saa 5:00. Naingia majini na kipima kasi, fimbo yenye kipangaboi. Nagawa upana wa kijito vipande, na katika kila kipande nakishusha hadi asilimia 60 ya kina kutoka juu, mahali ambapo kasi hukaribia wastani. Kasi mara eneo, napata mtiririko. Buti la kulia linavuja.

Saa 7:00 mchana. Ujumbe wa mwenzangu anayefanya kazi hii kwenye milima ya baridi. Yeye huchoma bomba kwenye theluji hadi chini, kisha hulipima uzito, maana kina hudanganya: theluji mpya ya sentimita 10 huweza kuwa sentimita 1 tu ya maji, na iliyoshindiliwa hutoa zaidi. Mvua yake hulala mlimani miezi mizima, halafu mto huvimba siku ya jua kali, mbinguni hakuna wingu. Namwonea wivu kidogo. Akiba yake anaiona kwa macho, yangu imefichwa ardhini. Ila theluji nayo husifiwa kupita kiasi. Wengi hudhani ile ya Kilimanjaro ndiyo mama wa mito ya pale, kumbe mzigo mkubwa unabebwa na mvua ya ukanda wa msitu. Na Ziwa Victoria hupata takriban asilimia 80 ya maji yake kwa mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe, bila kupitia mto wowote.

Saa 9:20 alasiri. Imeanza tena, nzito, lakini ya saa moja tu.

Saa 10:45. Nakimbilia darajani. Sentimita 61 juu, maji ya kahawia, matawi yanapita. Mvua hii ni ndogo kuliko ya usiku, nina hakika, lakini udongo umeshashiba, kwa hiyo maji yanateleza juu yake moja kwa moja hadi kijitoni. Kuingia haiwezekani. Narusha vijiti, nahesabu sekunde kati ya alama mbili nipate kasi, kisha naizidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Vipimo vya hovyo, ila jedwali langu la kimo cha maji na mtiririko wake lina mapengo palepale kwenye maji makubwa, na nafasi kama hii sijaipata tangu msimu uliopita.

Saa 12:30 jioni. Sentimita 38, yanashuka. Mvua ya alasiri bado imo ndani ya kipimio. Naisubiri saa 3:00 kesho, ndipo niiandike kwenye tarehe ya leo.