Siku ya pepa ya hesabu: kuanzia alfajiri mpaka nafunga kibanda

Saa 10:20 alfajiri

Nimeamka kabla ya alamu. Mama bado amelala na huku Kihonda kimya kabisa ukitoa majogoo. Kwa wasionijua, mimi ni wakala wa huduma za pesa hapa Morogoro, kibanda kiko jirani na stendi ya Msamvu, na mwaka huu narudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, masomo manne, na leo ndo Basic Mathematics, lile lile lililonipa F miaka sita iliyopita. Sio kwamba kipindi kile nilikuwa sijui kitu. Nilikuwa najua vingi tu, ila nilifungua pepa nikakuta swali la kwanza silielewi, nikang'ang'ana nalo karibu dakika arobaini, mikono ikaanza kutetemeka, maandishi nayaona lakini hayaingii kichwani, nakuja kushtuka msimamizi anasema zimebaki dakika thelathini. Maswali sita niliyaacha meupe. Ndo maana leo nimeamua kuiandika hii siku yote saa kwa saa, maana najua kuna mtu atakaa kwenye kiti kile na hofu kama yangu.

Kitu cha kwanza sijafungua notisi. Nimewasha taa ya simu nikachukua daftari nikaandika ninachokiogopa, dakika kumi, bila kuchagua maneno. Naogopa swali la kwanza. Naogopa kupitwa na muda. Naogopa mama kuniuliza matokeo mbele ya shangazi. Hii alitufundisha mwalimu wetu wa pindi za jioni, alitusimulia utafiti wa Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago, wa mwaka 2011, kwamba wanafunzi wenye hofu ya mtihani waliopewa dakika kumi za kuandika wasiwasi wao kabla ya pepa walifanya vizuri kuliko waliokaa tu. Jinsi alivyotueleza ni kwamba hofu inakaa sehemu ile ile ya akili unayoitumia kukokotoa, sasa ukiimwaga kwenye karatasi unapata nafasi. Mie nimeijaribu kwenye mazoezi ya nyumbani mara kadhaa na kiukweli inanisaidia, sio kwamba hofu inaisha, ila inakuwa kitu nimeshakiona sura yake.

Saa 11:10

Uji wa ulezi na andazi moja. Nimepanga vitu juu ya meza kama nilivyoviandika jana: peni tatu za bluu, penseli mbili, rula, bikari, kifutio, kitambulisho, na namba yangu ya mtihani nimeshaikariri. Kalkuleta hairuhusiwi kwenye pepa hii, wanakupa majedwali ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Simu naiacha nyumbani kabisa, wala sio kuizima nikaiweka kwenye mkoba, maana ukikutwa na simu chumba cha mtihani unafutiwa matokeo, na siwezi kuweka miezi yote hii rehani kwa sababu ya kitu nilichosahau kwenye zipu.

Mama ameamka, ameniangalia akaniuliza, "Umelala lakini?" Nikamwambia nimelala toka saa tatu usiku. Akafurahi kweli, maana mwanzo alidhani kupiga msuli ni kukesha. Mwezi wa nane nilikuwa nakesha hivyo hivyo, nasoma notisi mpaka saa nane usiku, asubuhi kibandani nasinzia mpaka siku moja nikamtumia mteja pesa mara mbili. Alafu notisi zenyewe nikizisoma naona naelewa, nikipewa swali nashindwa. Mwalimu ndo aliyenigeuza, akasema kusoma notisi mara tano ni kuzoeana nazo tu, funga daftari ufanye swali, ukishindwa hapo ndo umejua pa kusoma. Nikaanza kufanya pepa za miaka ya nyuma, kila Jumapili moja, kwa muda wa masaa matatu kamili, mlango umefungwa, simu anashika mdogo wangu na yeye ndo anapiga kelele "muda umeisha!" Ya kwanza nilipata 19. Iliyofuata 27. Zote hizo ni F, maana D inaanzia 30. Nikaja kupata 34, ikashuka 31 nikalia, alafu 43, na Jumapili iliyopita 52. Kwahiyo leo ninavyotoka mlangoni naenda kukaa kwenye jambo nililolifanya mara tisa hapo chumbani kwetu, ni kiti tu kimebadilika.

Saa 12:25 asubuhi

Daladala. Milima ya Uluguru imefunikwa ukungu mpaka katikati, joto la Novemba bado halijaamka. Kuna vijana watatu wa sare wanaulizana fomula kwa sauti na mmoja akikosea wenzake wanamcheka, nikaona ananyong'onyea. Nimegeukia dirishani. Asubuhi ya pepa sitaki kuulizwa wala kuuliza, kitu nisichokijua saivi sitakijua kwa dakika ishirini za daladala, na nikikumbana nacho kitanivurugia hata vile ninavyovijua.

Saa 1:10

Nje ya kituo. Askari yupo getini na bunduki yake, kila mwaka wapo, wanalinda mitihani, ila ukiwa na wasiwasi unaona kama amekuja kwa ajili yako. Kijana mmoja anazunguka anasema ana maswali ya leo kwenye simu, watu wanamfuata. Jamani msiwafuate hawa. Hata ukiacha kwamba ni kosa, ukishaona hayo maswali yake utaingia ndani unayatafuta, usipoyakuta unapaniki.

Nimekaa chini ya mwembe pembeni, akaja mama mmoja wa makamo, amevaa kitenge kizuri, mikono inamtetemeka mpaka rula inagonga kwenye chupa ya maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi moyo wako na wewe unaenda hivi?"

"Unaenda mama, tena sana."

Akasema ana miaka 20 hajakaa darasani na wanae hawajui kama amekuja. Nikamwonyesha ninachokifanya mimi, unavuta pumzi kwa puani ukihesabu mpaka nne, unaitoa polepole kwa mdomo ukihesabu mpaka sita au nane, yaani kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana moyo unapungua kasi unapotoa pumzi. Tumefanya pamoja kama mara kumi hatuongei. Mikono yake haikutulia kabisa, ila rula iliacha kugonga. Akaniambia, "Mungu akutangulie," na mimi nikamwambia na wewe mama.

Saa 2:00 mpaka saa 5:00

Hizi saa tatu nitazieleza kwa urefu maana ndo zenyewe.

Msimamizi ametuonyesha bahasha imefungwa, akaifungua mbele yetu, karatasi zikagawiwa. Maswali 14, unafanya yote. Sehemu A maswali kumi ya alama sita sita, sehemu B manne ya alama kumi kumi. Mpango wangu nimeutengeneza kwa hizo dakika 180: kumi za kusoma pepa nzima peni ikiwa mezani, kila swali la A dakika kumi, kila swali la B kumi na tano, zinabaki kumi za kukagua. Ukijumlisha inakaa sawasawa. Nimeuandika kwa penseli pembeni ya karatasi ya maswali, saa ngapi niwe nimefika wapi, ili nisihangaike kukadiria nikiwa na presha.

Nimesoma yote. Swali la kwanza silitaki, sehemu yake ya pili imekaa vibaya. Na hapa ndo pale pale pa miaka sita iliyopita, nimehisi kabisa masikio yanapata moto na mkono unataka kulianza kwa sababu tu ni la kwanza. Sikulianza. Nimefungua ukurasa nikaandika namba saba, swali la hesabu za biashara, maana hicho ndo nakifanya kila siku ya Mungu. Kila jioni kibandani float, yaani pesa iliyo kwenye simu, na keshi lazima vijumlishe mtaji, kikipungua kitu narudi mstari kwa mstari mpaka nikipate. Mkono ulipoanza kuchora ile akaunti, debiti huku krediti kule, ukawa mkono wa kazini. Dakika nane nimemaliza. Mie nadhani utulivu wangu wote wa leo umetokea hapo, sikuungoja uje ndipo niandike, nilianza na kitu mkono unakijua na wenyewe ukaja nyuma.

Kutoka hapo seti na uwezekano, alafu mfuatano wa namba, alafu takwimu. Dakika kama ya hamsini kuna mtu mbele kanyoosha mkono anaomba karatasi ya kuongeza. Mimi niko ukurasa wa nne! Moyo ukaruka. Nimeweka peni chini kabisa, nyayo zote mbili sakafuni, nikatoa pumzi ndefu mara tatu, nikaangalia mpango wangu kwa penseli: niko mbele kwa dakika nne. Huyo wa mbele labda anaandika maandishi makubwa, labda ameharibu ukurasa, siwezi kujua na hainihusu.

Trigonometri imeniumiza. Nimepata nusu, nyingine imegoma. Zamani ningefuta yote, ila maelekezo ya pepa yanasema uonyeshe hatua zote za kazi, na hatua zina alama zake hata jibu lisipofika, kwahiyo nimeandika fomula, nimeweka namba mahali pake, nimechora pembetatu, nikaacha nafasi nikaondoka. Ile ya dunia kama tufe nimeifurahia, niliogopa latitudo na longitudo mwaka mzima. Programu mstari (linear programming) nayo nimechora grafu yake taratibu kwa penseli, eneo likatokea vizuri.

Swali la kwanza nimelirudia mwishoni, zimebaki dakika ishirini na moja. Kipande cha kwanza kilikuwa hesabu za sehemu (fractions) za kawaida tu! Ya pili nimeandika nilichoweza.

Dakika za mwisho nimekagua alama za kutoa na kujumlisha tu, maana huko ndo ninakopotezea. Kwenye matriksi nimekuta nimeandika 3 × 4 jumlisha 2 × 5 nikapata 22, wakati determinanti ni kutoa, 12 toa 10, mbili. Nimerekebisha mpaka chini. Namba ya mtihani kila ukurasa, nimehakikisha moja moja. "Pens down," nimeweka.

Saa 5:20

Getini watu wamejazana wanalinganisha majibu. Nimepita. Pepa imeshakusanywa. Yule mama wa kitenge nimemwona kwa mbali amekaa peke yake chini ya mwembe anakunywa maji, akaninyooshea mkono, nami nikamnyooshea.

Saa 6:30 mpaka saa 1:00 jioni

Kazini. Wali maharage kwa mama lishe alafu foleni, mabasi ya Dodoma na ya Dar yakishusha abiria kila mtu anataka kutoa pesa. "Dada nitolee elfu ishirini." "Dada umeme wa elfu tano." Saa tisa hivi uchovu ulinipiga wote kwa mpigo, ndo nikajua mwili ulikuwa umejikaza toka alfajiri, nikamwomba jirani anishikie dakika kumi nikalaza kichwa mezani. Kwa anayefanya mtihani huku anafanya kazi, mwambie bosi wako mapema tarehe zako. Mimi nilimwambia mwezi wa tisa akanipa asubuhi zote nne bila maneno, ningemwambia jana yake angekasirika na ana haki.

Jioni nimefunga hesabu. Imepungua 2,000. Nimerudi mstari kwa mstari, nikakuta mteja wa saa tisa na nusu nimemwandika 10,000 badala ya 12,000. Imekaa.

Saa 2:15 usiku

Mama ameniwekea ugali na dagaa, hajauliza. Tumekula tunaongelea paa linalovuja. Ni mdogo wangu ndo aliyeshindwa kuvumilia, "Dada, umeacha mangapi?"

Nikamwambia hamna nililoacha, mengine nimeyafanya nusu ila yote 14 nimeyagusa. Mama akaacha kula. Akasema, "Yote?" Nikasema yote mama.

Wiki ijayo ni Book-keeping. Nimetoa pepa moja ya zamani nimeiweka juu ya meza kwa ajili ya Jumapili, mdogo wangu ameshaniomba simu niiache kwake kuanzia saa mbili asubuhi. Saa tatu inakaribia, nazima taa.