Siku moja na mashine ya boti, Wete hadi Fundo

Saa kumi na moja alfajiri nipo bandarini Wete, Pemba, tayari kuvusha watu kwenda kisiwa cha Fundo, mashine begani, ya hospawa 15, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Safari za mapema hazina hadithi: maji yamejaa, walimu wanakwenda Fundo, wagonjwa wanarudi Wete.

Taabu ni siku za bamvua kama leo, maji yanapojaa na kukupwa kupita kiasi. Bahari yetu hujaa alfajiri, na kwenye saa nne imeshakupwa. Tofauti yake hufika mita 4. Hori lote, mkono wa bahari tunaopitia, linabaki tope na mikoko.

Saa tatu na nusu akaja abiria na mifuko ya saruji. Nikamwambia, "Ami, maji yanakupwa, tungoje." Hataki, fundi anamsubiri. Basi nikapakia nusu ya mifuko, tukatoka kwa upondo, mti mrefu wa kusukumia boti, mashine nimeinyanyua. Hapo akaanza: "Nimelipia boti ya mashine au ngalawa?"

Watu hudhani ni washa twende. Mashine hii hupozwa na maji ya bahari. Inayavuta kwa tundu za chini, impela ya mpira inayasukuma juu, kisha yanatoka nyuma kwa kijitundu. Tunasema inakojoa. Ikivuta tope impela inalika, ikikosa maji inanoki, yaani inakwama kwa moto, na bei ya pistoni ami haijui.

Tulipopata kina nikaishusha nusu, resi ndogo. Mkojo ukawa uzi, mara matone. Nikazima, nikanyanyua. Majani yamefunika tundu zote, na kwenye shafti ya panga, lile linalozunguka kusukuma boti, imejisokota kamba ya nailoni iliyokatika kwenye shamba la mwani. Kamba hiyo ukiiacha inakata sili, mpira wa kuzuia maji, maji yanaingia kwenye gia, oili inageuka nyeupe kama tui. Nikainama na kisu, nakata uzi mmoja mmoja, jua la mgongo, maji yanazidi kutukimbia. Na sauti juu yangu: "Fundi akidai siku yake, utamlipa wewe?" Sikumjibu. Nikachokoa kijitundu kwa waya, ukatoka mchanga na chumvi. Nikavuta kamba ya kuwashia. Ikawaka, ikakojoa.

Tulifika adhuhuri imeshaadhiniwa. Ami akashuka bila kuaga. Mfuko mmoja ulikuwa umechanika, saruji yote miguuni pangu.

Baadaye kusi, upepo wa kusini, likavuma. Panga likitoka nje ya wimbi mashine inalia, kwa hiyo kila wimbi unapunguza resi, unaongeza, unapunguza, mpaka mkono unakufa ganzi. Saa sikuitazama tena.

Jioni nyumbani naiwasha ndani ya pipa la maji baridi, yasiyo ya bahari, iteme chumvi, kisha nachomoa mpira wa petroli ijizimie yenyewe, kabureta ibaki kavu. Inalala chumbani. Mama watoto kaichoka harufu yake, lakini nje wezi wapo.

Simu za kesho zimeanza. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo mwenye saruji iliyobaki aje alfajiri, au angoje alasiri.