Crown Sedan mpya: ubavu umekamilika, uso bado

Tangu Toyota ilipoanza kuuza Crown Sedan mpya nchini Japani mwezi wa Novemba 2023, wapenzi wa magari ninaokutana nao hapa Malindi wamegawanyika makundi mawili kuhusu sura yake. Wapo wanaosema kwamba Toyota imeivua Crown heshima yake na kuivisha sura ya gari lisilo na asili, na wapo wanaosema kwamba hatimaye gari hili limepata umbo linalostahili jina lake. Mimi nimeitazama kwa muda mrefu, picha kwa picha na video kwa video, nikiilinganisha na Crown za zamani ambazo naweza kuzikaribia na kuzigusa kwa mkono, na maoni yangu hayalingani na ya kundi lolote kati ya hayo. Ubavuni, hii ndiyo Crown nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Usoni, kazi haijakamilika.

Huenda msomaji akauliza gari lililoanza kuuzwa Japani kwa yeni milioni 7.3 linatuhusu nini sisi wa Pwani. Linatuhusu sana. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo halijapitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, mradi usukani wake uko kulia, na kwa njia hiyo umbo linalochorwa Japani leo ndilo litakalopita Lamu Road baada ya miaka michache. Ndivyo zilivyotufikia Crown Athlete na Royal Saloon, ambazo leo huzikosi mbele ya benki, hoteli na kumbi za harusi. Itakayokuja ni ile ya mota ya umeme na injini ya petroli ya lita 2.5, kwa kuwa ile ya haidrojeni, ambayo bei yake ilianza kwa yeni milioni 8.3, haina mahali pa kujaziwa huku kwetu. Bodi za aina zote mbili ni moja, kwa hiyo mjadala wa sura hauathiriki.

Ili kuelewa ni kwa nini sura ya Crown huzua maneno mengi, lazima ikumbukwe kwamba gari hili lina historia ndefu ya kuogopa. Crown ya kwanza ilitoka mwaka wa 1955, na milango yake ya nyuma ilifunguka kwa kuelekea nyuma, ili abiria ashuke bila kujipinda. Mwaka wa 1971 Toyota ilithubutu kutoa kizazi cha nne chenye bodi ya mviringo na bampa iliyopakwa rangi moja na bodi, jambo ambalo lilikuwa geni kabisa wakati huo. Wanunuzi wa Japani, ambao wengi wao walikuwa watu wazima wenye vyeo, waliikataa, na kufikia 1974 kizazi cha tano kilirudi kwenye pembe nne na kromu ya kutosha. Naamini kwamba somo hilo liliwakaa wasanifu wa Toyota vichwani kwa miongo kadhaa. Kila walipotaka kuibadilisha Crown waliongeza mapambo badala ya kugusa umbo lenyewe: grili ikakua, kromu ikaongezeka, na mwaka wa 2012 Athlete ikapewa grili ya mikunjo inayofanana na mchoro wa radi, lakini chini ya hayo yote mlikuwa na sanduku lile lile la boneti, chumba na buti.

Sababu nyingine ilikuwa upana. Crown karibu zote zilizouzwa Japani zilidumishwa ndani ya milimita 1,800, ili ziweze kupita katika vichochoro na kuingia katika maegesho ya nchi hiyo, na hata kizazi cha 2018, ambacho kiliongezwa dirisha dogo nyuma ya mlango wa nyuma, hakikuvuka kipimo hicho. Msanifu anapofungwa upana, huku mnunuzi akidai nafasi ya kutosha ndani, bodi hulazimika kusimama wima. Ndiyo maana Crown nyingi za zamani, ukizitazama kwa nyuma, zinaonekana nyembamba na ndefu kwenda juu, jambo ambalo watu wachache hulitaja kwa sababu tumelizoea.

Crown Sedan mpya imevunja kifungo hicho. Upana wake ni milimita 1,890, urefu ni milimita 5,030, kimo ni milimita 1,475, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 3,000 kamili. Namba hizi ndizo siri ya uzuri wake, na nitaeleza ni kwa nini.

Tazama ubavu wa Athlete ya 2012 iliyoegeshwa kwenye ardhi tambarare. Boneti ni ndefu kiasi, lakini kioo cha mbele kimesogea karibu na gurudumu, na kichwa cha gari kinaonekana kimesukumwa mbele. Katika gari jipya, gurudumu la mbele limepelekwa mbele kabisa na chumba kimerudi nyuma, hivyo pana nafasi ya wazi kati ya ukingo wa gurudumu na mlango wa dereva. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayomwambia mtazamaji, hata asiyejua lolote kuhusu ufundi, kwamba gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma na kwamba halikujengwa kwa kubana. Mlango wa nyuma ni mrefu kwa sababu abiria anayeheshimiwa hukaa huko, na mstari wa bega hutoka kwenye taa ya mbele ukaenda hadi nyuma bila kukatwakatwa na mikunjo ya ziada. Paa linashuka taratibu juu ya kichwa cha abiria, kisha linaingia kwenye buti bila hatua ya ghafla. Wapo wanaolalamika kwamba mteremko huo umeficha buti na kwamba sedani ya heshima lazima ionyeshe masanduku yake matatu. Siukubali ulalamishi huo, kwa sababu kilichoifanya Crown kuwa na haiba ya mzee mtulivu hakikuwa pembe ya buti. Kilikuwa ni ule urefu uliotulia, na urefu huo sasa umeongezeka.

Inafaa kukumbuka kwamba sedani hii nusura isizaliwe. Akio Toyoda, aliyekuwa rais wa kampuni wakati huo, alipoizindua Crown ya kizazi cha 16 mwezi wa Julai 2022, alionyesha bodi nne kwa pamoja, na iliyotangulia sokoni ilikuwa Crossover iliyoinuliwa, ambayo si sedani kwa maana tunayoijua. Sedani ilikuja baada ya Crossover kupata umbo lake. Pengine ndiyo sababu ya ubavu wake kuwa safi hivi: wasanifu walikuwa wamekwisha kuweka majaribio yao yote kwenye zile nyingine, wakabaki na jambo moja tu la kushughulikia, yaani vipimo.

Magurudumu ni inchi 19, na yapo ya inchi 20 kwa anayeyataka. Kwa bodi ya urefu huo hayo si makubwa kupita kiasi, ingawa mimi ningechagua yale ya inchi 19, kwa kuwa tairi yenye ukuta mnene inafaa zaidi matuta na mashimo yetu. Hapa nina ombi la dhati kwa watakaoleta gari hili Pwani. Tumezoea kuinua Crown zetu kwa spesa zinazowekwa juu ya springi, ili tumbo lisikwaruzwe na matuta ya barabara ya Malindi hadi Mombasa. Naelewa sababu yake, kwani gari lenye umbali wa mita tatu kati ya ekseli zake litagusa tuta ambalo gari fupi linalivuka bila shida. Lakini spesa huacha pengo jeusi kati ya tairi na bodi, pengo ambalo mkono mzima unaweza kuingia, na gari lililochorwa likae chini kwa utulivu hubaki limening'inia. Kwa Crown hii, ambayo uzuri wake wote umo katika vipimo, pengo la aina hiyo litaharibu kazi yote. Afadhali dereva apunguze mwendo na kulivuka tuta kwa mshazari.

Sasa nije kwenye uso, ambako sikubaliani na Toyota. Taa za mbele ni nyembamba, zimelala chini ya ukingo wa boneti upande hadi upande, na chini yake kuna grili pana yenye vijiti vya kusimama wima, ambayo imejaza sehemu kubwa ya bampa. Kila kimoja, ukikitazama peke yake, ni kizuri. Vijiti vya wima hasa vimepimwa vizuri, kwa sababu vinaipa mbele ya gari uzito bila kelele. Tatizo ni ile sehemu ya juu, ambayo Toyota imeigawa kwa magari yake mengine mengi. Prius mpya ina paji la uso la namna hiyo, na Camry mpya pia. Likija usiku kutoka upande wa Gede, kitu cha kwanza utakachokiona ni taa, na taa hizo hazitakuambia kama linalokuja ni Crown au ni gari la bei ya nusu yake.

Watu wa mji huu wanalielewa jambo hili kupitia milango yao. Mlango wa nakshi wa nyumba ya Kiswahili haukuchongwa kila mahali. Kuta huachwa nyeupe na tupu, mbao za mlango mara nyingi huachwa wazi, na fundi huimalizia kazi yake yote kwenye kizingiti cha juu, fremu na mfaa, yaani ubao unaosimama katikati ya mlango. Mgeni anayepita hujua ni nyumba ya nani kwa kutazama sehemu hiyo moja tu. Crown Sedan imeziacha kuta zake tupu, na katika hilo imefanya vyema sana, lakini ilipofika kwenye kizingiti imeweka nakshi ya jirani. Nembo ya taji ipo, ni kweli, ila ni ndogo na imeachiwa kazi ya kulitambulisha gari peke yake.

Sisemi kwamba turudi kwenye kromu. Yeyote anayeishi karibu na bahari anajua mwisho wa kromu. Ipo Athlete nyeupe mtaani kwetu, inayolala nje usiku upande wa ufuo, ambayo ukingo wa grili yake umeota vipele vya chumvi, na kwenye pembe ya chini ngozi ya kromu imeinuka na kuanza kubanduka, ikaonyesha plastiki ya kijivu. Mwenye gari hulisafisha kila asubuhi kwa kitambaa, kwa upendo mkubwa, lakini chumvi haina huruma. Gari linalotegemea umbo la bati litazeeka vizuri zaidi Malindi kuliko linalotegemea mapambo yaliyobandikwa, na kwa sababu hiyo pia nausifu ubavu wa Crown mpya.

Nilipomwonyesha ami yangu picha, ambaye ameendesha Crown za vizazi mbalimbali kwa miaka mingi na ambaye sikio lake hutambua injini kabla gari halijakunja kona, alizipitia polepole, akarudi kwenye ile ya ubavuni, akaitazama tena.

“Waionaje, ami?” nikamuuliza.

“Mwanangu, ubavuni ina heshima zake. Usoni nimeitafuta Crown, sikuiona.”

Kuhusu ndani sina mengi. Skrini mbili za inchi 12.3, moja mbele ya dereva na nyingine katikati, ni za kisasa na zimepangwa kwa adabu, na kiti cha nyuma kimepewa uangalizi unaostahili, lakini dashibodi haina jambo ambalo litakumbukwa baada ya miaka ishirini. Kitambaa cha viti vya Royal za zamani, kile laini ambacho hakiunguzi mapaja baada ya gari kukaa juani tangu adhuhuri, kinakosekana katika magari ya sasa karibu yote, na kwa hali ya hewa yetu nakihesabu kuwa hasara.

Nyuma ya gari kuna mstari mmoja wa taa unaovuka upana wote. Mstari kama huo umekuwa desturi ya kila kampuni, kuanzia Ulaya hadi China, na kwa Crown naona ni nafasi iliyopotea. Athlete tulizonazo zina taa za duara nyuma, na duara hizo zilirithiwa kizazi baada ya kizazi, kiasi kwamba mtoto wa shule anayesubiri bodaboda anaweza kulitaja gari kwa jina likiwa limekwisha mpita. Kama Toyota itaifanyia sedani hii marekebisho ya katikati ya kizazi, kama ilivyo kawaida yake, bati la ubavuni liachwe lilivyo bila kuguswa hata milimita moja. Kazi ielekezwe kwenye taa za mbele, zipewe mchoro ambao haupo kwenye Prius wala Camry, na nyuma zirudishwe zile duara, hata kama zitawaka ndani ya huo mstari mmoja.