Nyumba Ninayo, Kiwanja Sina

Nilipompigia mama simu Tanga kumwambia tumenunua nyumba huku Morisi, hakunipongeza kwanza. Aliuliza, "Kiwanja kina ukubwa gani?" Nikamwambia hakuna kiwanja, Mama, tuko ghorofa ya tatu. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mmenunua hewa?"

Ndivyo ilivyo. Kisiwa hiki hakimwachii mgeni ajinunulie ardhi anavyotaka. Sisi watu wa mshahara tumeachiwa kile wenyewe wanachokiita G+2: fleti kwenye jengo lenye angalau ghorofa mbili juu ya ile ya chini, bei isipungue rupia milioni 6, na kibali cha serikali kwanza.

Dalali wetu wa kwanza aliapa kwamba tukishasaini tu, ukaazi nao umekuja. Uongo mtupu. Ukaazi wa kununua unaanzia dola 375,000 (kabla ya 2020 ilikuwa 500,000), na wengi wanaupata kwenye ile miradi yenye geti, walinzi na bwawa la kuogelea. Tena unadumu maadamu nyumba ni yako. Ukiuza, na kibali kwaheri. Mimi naishi kwa kibali cha ajira, kazi na makazi kwenye karatasi moja. Ajira ikiisha, fleti inabaki yangu na mimi nageuka mtalii sebuleni kwangu.

Siku ya kusaini nilidhani ni muhuri na dakika tano, kama kwa mawakili wa kwetu. Thubutu! Hapa mauziano yanapita kwa notari, yaani mwanasheria wa kuandika hati, na notari alitusomea hati yote kwa Kifaransa, ukurasa baada ya ukurasa, nasi tukiweka herufi za majina yetu chini ya kila mmoja. Krioli yangu ya sokoni, ya "ki manyer" (habari gani) na bei ya nyanya, haikunifikisha popote. Mke wangu alinifinya mara mbili nisisinzie.

Januari 2024 kimbunga Belal kilipopita, magari yalielea mitaani Port Louis. Nyumba nyingi hapa ni zege mpaka juu, paa bapa, bati huoni sana. Siku ile nilielewa sababu. Tulijifungia ndani, upepo ukipiga mluzi kwenye vioo usiku kucha. Asubuhi simu ikaita.

"Hewa yenu bado ipo?"

"Ipo, Mama. Ila maji yameingia dirishani, tunapiga deki."