Umeme ukikatika, sola nayo inazima: nilivyotatua hapa Busia

Dukani kwa dada yangu, Busia ya Uganda, umeme ukikatika mchana kweupe sola nayo ilikuwa inazima, na maziwa kwenye friji yanaharibika. Paneli zilikuwa nzima. Shida ilikuwa inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa nyumbani. Inverta ya kuunganishwa na gridi (mtandao wa umeme wa taifa), kama ile ya dukani, hufuata volti na mizunguko 50 kwa sekunde ya gridi. Ikiikosa, hujikata mara moja ili isirudishe umeme kwenye nyaya na kumpiga shoti fundi aliye juu ya nguzo. Ulinzi huo usiuchezee kamwe!

Tulimwita fundi mwenye leseni, akafunga inverta ya haibridi, yaani inayofanya kazi na gridi na pia na betri gridi ikikatika, pamoja na betri ya lithiamu. Friji na taa zikahamishiwa kwenye laini ya akiba ya inverta hiyo. Tulipozima swichi kuu, taa zilipepesa kidogo tu, friji ikaendelea kunguruma.