Thredi moja haitoshi kulinda faili

Vijana wa programu hapa Nairobi hupenda kuniambia kwamba asyncio, maktaba ya Python ya kuendesha kazi nyingi kwa zamu, huendeshwa na thredi moja, yaani mkondo mmoja wa utekelezaji, kwa hiyo kufuli za kuzuia kazi mbili kugusa kitu kimoja kwa pamoja ni za nini? Wiki iliyopita imani hiyo ilinipeleka Kawangware, kwa sacco ya matatu ambayo hesabu za jioni zilikuwa zinapungua na makanga wote wanaapa hawajala pesa.

Hawakuwa wamekula. Malipo ya M-Pesa yakiingia, programu ilisoma faili ya JSON (data iliyopangwa kama maandishi), ikaongeza kiasi kwenye gari husika, ikaiandika upya. Katikati ya kusoma na kuandika kuna `await`, amri ya kusubiri, na `await` huweza kuachia kazi nyingine nafasi. Tuseme abiria wawili wamelipa shilingi 100 karibu pamoja. Kazi ya kwanza inasoma 8,400. Ya pili inasoma 8,400 hiyo hiyo. Zote zinaandika 8,500. Mia moja imeyeyuka, na kwenye logi hakuna kosa hata moja.

Aliyetangulia alikuwa ameweka `asyncio.Lock`, kufuli la asyncio, ila kwenye kuandika peke yake. Sijui kwa nini wengi huishia hapo! Kufuli lazima lishikwe tangu kusoma hadi kumaliza kuandika, la sivyo unalinda uandishi wa nambari iliyokwisha pitwa na wakati.

Halafu kuna stima, na mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa. Kufungua faili kwa "w", yaani kwa kuandika, hufuta yaliyomo kwanza. Stima ikipotea hapo, unabaki na kipande cha JSON kisichosomeka. Andika faili ya muda katika folda ile ile, ita `os.fsync` ili data ifike kwenye diski, kisha `os.replace` iiweke mahali pa ile ya zamani. Kwenye Linux msomaji atapata faili ya zamani au mpya, si nusu.

Yote hayo ningeyafanya, lakini seva ilikuwa na michakato minne ya uvicorn, yaani nakala nne za programu zinazoendeshwa na seva hiyo ya Python, na `asyncio.Lock` haivuki mchakato wake. Kuna `fcntl.flock`, kufuli la faili linalovuka michakato, ila hiyo ni ya hiari: asiyeiomba hupita tu. Nikaachana na JSON. Sasa kila malipo ni safu yake ndani ya SQLite, hifadhidata ndogo, nambari ya muamala ikiwa ufunguo usiorudiwa, na jumla hupigwa wakati wa kusoma. Ujumbe ukija mara mbili, wa pili unakataliwa.

Mwenyekiti aliuliza kama pesa zilizopotea zitaonekana. Kwenye faili, hapana. Kwenye taarifa za M-Pesa zipo zote, na karani ameanza kuzilinganisha moja moja.